Mwezi, Mto na Mdudu: Kwa Nini Beseni la Ndagala Lina Siku Zake



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kilicho katika sahani ya karibu kila nyumba ya Baraka na Fizi: samaki. Hatutaeleza namna ya kumpika, kwa maana hilo mnalijua kutushinda. Tunataka kuuliza kwa nini siku fulani ndagala wanajaa ufukoni mpaka bei inaanguka, na siku nyingine mama anarudi na beseni tupu. Wengi wetu husema ni bahati. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka bahati hiyo ilipotuingiza katika deni.

Deni la mwezi wa tisa

Mwaka uliopita, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, wamama watatu wa kikundi chetu tulikopa dola 150 katika AVEC yetu. Masharti mnayajua: baada ya majuma manne turudishe 165. Mpango ulikuwa rahisi. Tutanunua ndagala wabichi kwa wavuvi, tutawaanika, tutawapeleka milimani kuwauza, na faida italipa minervali ya watoto, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa.

Tulifika ufukoni na pesa mkononi, na mwezi angani ulikuwa karibu kujaa. Hatukuutazama. Usiku wa kwanza mitumbwi michache ilitoka, ikaleta kidogo. Usiku wa pili na wa tatu karibu wote walilala nyumbani. Kwa kuogopa siku za deni kuisha, tukanunua hao wachache kwa bei ya juu, tukawaanika mchangani kama kawaida. Mvua ya kwanza ya majira ikawanyeshea. Waliobaki wazima tuliwauza dola 118. Zilikosekana 47.

Mmoja wetu alikuwa na binti katika shule ya sekondari. Shule ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Baada ya juma moja orodha ya wasiolipa ikatoka, na mwalimu aliyepewa kuisoma mbele ya darasa ni mmoja wetu sisi tunaoandika hapa. Tulisoma jina la mtoto wa rafiki yetu, mtoto ambaye tulijua pesa yake ilipotelea wapi. Alifunga daftari, akatoka bila kututazama.

Siku ile tulirudi ufukoni, safari hii kwa kuuliza. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwalimu, ndagala ana kalenda yake. Ninyi mnatazama ya ukutani tu.»

Kalenda ya mwezi

Alichotueleza mzee yule kinakubaliana kabisa na vitabu vya biolojia, nasi tunakipanga hapa kwa utaratibu.

Ndagala, ambaye ng'ambo ya Tanzania wanamwita dagaa, anakula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, vidogo kuliko punje ya ulezi. Mchana viumbe hivyo hushuka chini penye giza, na usiku hupanda juu. Ndagala huvifuata. Mukeke naye humfuata ndagala. Kwa hiyo usiku maji ya juu ya ziwa ni kama soko: kila mmoja amefuata chakula chake.

Mvuvi anatumia taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa nyingi ni za batri. Mwanga wa taa katika giza unawavuta ndagala wakusanyike chini ya mtumbwi, na wavu unawainua. Lakini mwezi ukiwa umejaa, ziwa lote lina mwanga. Taa ya mvuvi inakuwa kama kibatari kilichowashwa juani, na ndagala hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi unapojaa, wakashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Si uvivu.

Hesabu yake si ngumu, na watoto wetu wanaweza kuifanya. Kutoka mwezi kujaa mpaka kujaa tena ni siku 29 na nusu. Usiku wa mwezi kujaa, mwezi huchomoza karibu saa 12 jioni, jua linapotua. Kila siku inayofuata unachelewa kama dakika 50. Baada ya siku sita umechelewa saa tano nzima: unachomoza karibu saa 5 usiku. Maana yake mvuvi amepata giza kuanzia jioni mpaka saa hiyo, na giza linaendelea kuongezeka kila usiku. Hapo ndipo mitumbwi inarudi imejaa.

Ziwa lenyewe lina majira

Mwezi ni kalenda ndogo. Iko na kubwa, nayo ni ya upepo na mvua.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673, na kina chake kinafika meta 1,470. Lakini samaki hawakai katika kina hicho chote. Chini ya meta 100 mpaka 200 hivi, hewa ya kupumua ndani ya maji imekwisha. Huko chini kabisa ndiko ilikolala mbolea ya ziwa: mabaki ya majani, ya samaki na ya viumbe vyote vilivyokufa na kuzama. Ni kama ghala lenye unga mwingi ambalo mlango wake umefungwa.

Anayefungua mlango ni upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kwetu kaskazini. Kule kusini, upande wa Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake pamoja na ile mbolea. Upepo ukitulia, maji yanarudi nyuma na kuyumbayumba kama maji ya beseni lililogongwa, na upande wetu nao hupata sehemu yake. Mbolea ikifika juu penye jua, majani madogo ya majini yanaota, viumbe vidogo vinayala, ndagala wanavila hivyo, na sisi tunakula ndagala.

Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti juu ya ziwa letu. Waliona kwamba maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua nguvu, basi maji ya chini na ya juu hayachanganyiki kama zamani. Walikadiria kwamba chakula kinachoota ndani ya ziwa kilikuwa kimepungua kama asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki kama asilimia 30. Wazee wanaposema samaki wa zamani walikuwa wengi, hawatudanganyi.

Mto una jiko lake

Sasa tupande juu kidogo, tuache ziwa. Tunayo mito inayoshuka kutoka milima ya Fizi, na mkubwa kwa watu wa Baraka ni Mutambala. Mto nao unalisha samaki, lakini jiko lake liko chini ya mawe.

Tuliwahi kupeleka wanafunzi kwenye vijito viwili milimani. Katika kijito cha kwanza bado kuna miti pande zote, maji ni meupe na yana baridi. Tuliwaambia kila mmoja ageuze jiwe moja. Walipiga kelele kwa mshangao. Chini ya mawe kulikuwa na vidudu vya kila aina: wengine bapa wenye mikia mitatu myembamba, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga na kujificha ndani, na watoto wa kereng'ende wenye macho makubwa. Jioni tuliona baadhi ya wale wadudu wenye mikia wakipanda juu ya maji, wakapasua ngozi, wakaruka. Mdudu huyo akishapata mabawa hana hata kinywa cha kulia. Anaishi usiku mmoja au siku moja hivi, anapata mwenzake, anataga mayai mtoni, anakufa.

Wadudu wa namna hii mara nyingi hawatoki mmoja mmoja. Wanatoka kwa pamoja, maelfu kwa saa moja. Wakitoka wengi kwa mara moja, samaki na ndege watakula mpaka washibe, na bado wengine watabaki wa kutaga. Katika Ziwa Victoria watu wa sayansi waliona kwamba aina mojawapo ya wadudu hawa hutoka kwa wingi siku chache tu za mwezi, karibu na mwezi kujaa. Kwa hiyo mwezi unaowalaza wavuvi wetu ndio unaowaamsha wadudu wale.

Kwetu, watoto wanajua karamu nyingine ya mto, ile ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini, wengi wanaanguka majini, na samaki wanawapokea juu juu ya maji. Kijana mwenye ndoana anayemtia kumbikumbi jioni hiyo harudi mikono mitupu. Ndani ya tumbo la samaki utasoma habari ya mto mzima.

Wako watu duniani ambao wameufanya ujuzi huu kuwa kazi kamili. Mwaka 1905, huko Kenya, Waingereza walileta kutoka Uskoti samaki anayeitwa trauti, wakamweka katika mto Gura, milima ya Aberdare, kwa sababu anataka maji ya baridi yanayokwenda mbio. Trauti hasimami katikati ya mkondo mkali. Anajificha nyuma ya jiwe, pale maji ya kasi yanapokutana na maji ya pole, na kungoja mkondo umletee mdudu. Maji yakijaa na kuwa na tope, anasogea kandokando. Maji yakipungua na kuwa meupe sana, anaogopa kila kivuli. Wanaomvua hutumia ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu anayetoka siku ile, maana wakikosea mdudu, samaki hageuki. Wapo wamama wengi Kenya ambao kazi yao ya kila siku ni kufunga ndoana hizo kwa vidole, nazo zinauzwa Ulaya na Marekani. Wanasomesha watoto kwa mfano wa mdudu anayeishi siku moja.

Jiwe lisilo na kitu

Kijito cha pili tulichotembelea hakikuwa mbali na cha kwanza. Lakini juu yake miti ilikatwa kwa ajili ya makala, na mihogo imelimwa mteremkoni kutoka juu kwenda chini, bila hata mtaro mmoja wa kuzuia udongo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanafunzi waligeuza mawe, hawakupata kitu isipokuwa tope na minyoo michache. Binti mmoja alituuliza: «Mwalimu, wamekwenda wapi?»

Hawakwenda mahali. Walizibiwa nyumba. Mdudu wa mtoni anakaa katika nafasi ndogo kati ya jiwe na jiwe, na anapumua hewa iliyo ndani ya maji. Mvua ikileta udongo wa shamba, nafasi zile zinajaa. Kivuli kikikosekana, maji yanapata joto, na maji ya joto hayashiki hewa nyingi. Mayai ya samaki waliopanda mto kutaga yanafunikwa na tope, yanakufa kabla ya kuanguliwa.

Na mlima usio na miti hauzuii maji. Mvua inashuka yote mara moja, mto unafurika kwa saa chache, kisha kiangazi unabaki uzi. Mafuriko ya mwezi wa nne 2020 kule Uvira, mto Mulongwe ulipoingia ndani ya mji na kuua watu, hatujayasahau. Tope linalobaki linakwenda ziwani, na pale mto unapoingia ziwani ndipo samaki wengi wadogo wanapokulia.

Tuseme na habari ya chandarua, ingawa tunajua baadhi yetu hawatafurahi. Tumewaona watoto, na wakati mwingine wamama, wakivuta chandarua cha kitanda ufukoni na midomoni mwa mito. Matundu yake hayaachi hata samaki wa urefu wa ukucha. Kati ya aina mbili kubwa za ndagala wetu, moja hutaga karibu na ufuko na watoto wake hukulia hapohapo. Ni aina ileile iliyochukuliwa kutoka ziwa letu na kupelekwa Ziwa Kivu kati ya 1958 na 1960, ambayo leo watu wa Bukavu na Goma wanaiita sambaza. Tulilisha watu wa ziwa lingine kwa watoto wa samaki hawa, na hapa kwetu tunawakaanga kabla hawajakua. Zaidi ya hayo, dawa iliyo katika chandarua ni sumu kwa wadudu wa majini na kwa samaki wenyewe. Na mtoto aliyelala bila chandarua anapata malaria. Ni hasara tatu kwa bakuli moja.

Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda mwaka 2003. Njia mojawapo iliyochaguliwa ni kusimamisha uvuvi kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Tunajua maana yake kwa nyumba inayokula kwa kazi ya jana. Ndiyo sababu tunasema kufunga kunahitaji maandalizi: akiba ya ndagala wakavu, bustani, kuku. Mama asiyejiandaa atakuwa wa kwanza kumtuma mtoto na chandarua usiku.

Tulivyofanya mara ya pili

AVEC ilitukubalia kulipa zile dola 47 polepole. Kisha tukakopa tena, kwa woga. Mara hii tulihesabu. Tulingoja siku sita baada ya mwezi kujaa, tukaanza kununua kidogo kidogo kila asubuhi bei ilipokuwa chini. Hatukuanika mchangani. Tulijenga vichanja vya miti na wavu wa zamani, kimo cha kiuno, kama wamama wa Burundi wanavyofanya kwa vichanja vya waya ambavyo FAO iliwasaidia kupata. Hewa inapita juu na chini, ndagala anakauka upesi, hana mchanga, na mvua ikitisha unafunika kwa turubai. Tuliwauza mwezi ulipojaa tena, wakati wabichi walikuwa wameadimika. Siku zile za kungoja na kuuza zilikaa ndani ya majuma manne ya mkopo.

Hatukutajirika. Tulirudisha 165, tukamaliza sehemu ya deni la kwanza, na binti yule akarudi darasani. Alikuwa amekosa majuma matano. Tunamfundisha jioni ili awafikie wenzake, na somo la kwanza aliloliomba lilikuwa lile la mwezi.

Basi wamama, tunawaachia mambo haya ya kuzungumza katika vikundi vyenu:

Chora mwezi kwenye kalenda ya nyumbani, na usikope pesa ya ndagala mwezi ukiwa unakaribia kujaa. Nunua gizani, anika juu ya kichanja, uza mwezi ukijaa.

Ukilima mteremkoni, chimba mitaro ya kukingama na mlima, na uache miti na majani kando ya kijito.

Chandarua kibaki kitandani. Kilichochakaa kifunike miche ya bustani mbali na maji, kisiingie mtoni.

Na siku moja, mkienda kuchota au kufua, geuzeni jiwe moja pamoja na watoto. Mkikuta vidudu vinakimbia, shukuruni, jiko la mto bado linawaka. Mkikuta tope tupu, tazameni mlima ulio juu yenu, mjiulize nani analima huko. Mara nyingi ni sisi wenyewe.

Tuonane juma lijalo.